Tunduru Imekataa

Asubuhi ile ya Jumanne dada aliingia ofisini ameshika kiuno kwa mikono miwili, na kabla hajavua mtandio akaniambia, "Mlongo, huyu wa tumboni hanisubiri. Lazima kompyuta ikubali wiki hii."

Aliniita mlongo, kama ndugu wanavyoitana kwetu, ingawa hatukuwa ndugu. Yeye alikuwa karani wa kompyuta. Mimi nilikuwa wa kufagia, kuchemsha chai na kutoa fotokopi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na hapo ndipo shule yangu ilipoishia. Wateja wengi walidhani mimi ni bubu. Nilipokea karatasi zao, nikazitoa nakala, nikawarudishia, na macho yangu yalibaki kwenye mashine muda wote.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko, hapa Songea. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja mfanyabiashara. Miaka ile watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua mazao kwa wakulima, na mama alinunua mahindi Namtumbo na korosho Tunduru. Kila mahali alikuwa na ghala, na kila ghala lilikuwa na kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Asubuhi, jenereta za maghala zikiwashwa kwa muda mfupi, dada alipiga simu kwa modemu, kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, akaingia kwenye kompyuta ya Namtumbo, akachukua hesabu ya magunia, akatoka, akaingia ya Tunduru. Mama alisoma hesabu hizo ndipo akaamua malori mangapi yaondoke. Zamani alikuwa akiuliza kwa simu ya mdomo. Akaacha baada ya malori mawili kwenda Tunduru kuchukua mzigo wa lori moja, na la pili likarudi tupu na kuzama kwenye tope kabla ya kufika Namtumbo.

Njia ya kuingilia inaitwa SSH. Dada alinieleza hivi: ni kama kuzungumza na mtu aliye mbali ndani ya bomba, na aliye njiani hasikii kitu. Lakini kwanza ni lazima huyo wa mbali akutambue, na anakutambua kwa neno la siri.

Neno la siri alilijua dada peke yake. Wakati wa kuliandika, mimi niligeuza uso ukutani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ni adabu tu, kama unavyotazama pembeni mtu anapofungua fundo la kanga kutoa fedha. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya kanisa, na nadhani nimeitazama picha ile kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kuingia ofisini mle.

Dada ndiye aliyenifundisha. Aliona kwamba nikikaa mbele ya skrini sichoki na siogopi, kwa sababu skrini hainiangalii. Nilikuwa naandika polepole, kidole kimoja kimoja, na alinivumilia. Nikajifunza kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe bila mtu kukaa pale.

Basi mimba ilipofikisha miezi ya mwisho, mama alimwita dada, nami nikiwa palepale napanga karatasi.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mimba yako," mama alisema. "Nimezaa, naijua. Ila kiti hicho hakiwezi kukaa kitupu msimu wa korosho. Na mimi nikimkalisha mtu, simwinui."

Dada aliuliza, "Na kompyuta ikijifanyia yenyewe?"

"Yenyewe vipi?"

"Asubuhi inaamka, inapiga simu, inaingia Namtumbo, inaingia Tunduru, inaleta hesabu mezani kwako. Hakuna mtu kwenye kiti."

Mama alitafakari. "Ikijifanyia yenyewe, kiti chako kitakusubiri mpaka mtoto aanze kutembea. Lakini nione kwa macho yangu. Ijumaa hii. Isipofanya, Jumatatu anakaa mpwa wangu."

Mpwa wake alikuwa ameshafika. Alitoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, na alishinda kwenye benchi karibu na mlango akila karanga. Alikuwa mcheshi, na hilo lilinitisha zaidi, maana mtu mkorofi ningejua namna ya kumkwepa.

"Dogo, mbona hunisalimii?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nilimsalimia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Haya, marahaba. Salamu ya mbu hiyo," akasema, akacheka peke yake.

Skripti niliandika mimi, dada akisoma nyuma yangu. Haikuwa kazi ya kuanza mwanzo. Kuna watu huko duniani wameshaandika vipande vya kazi ngumu na kuvikusanya, wewe unaviita tu kwa jina. Mkusanyiko wa namna hiyo unaitwa maktaba. Maktaba yetu ilijua kuingia kwa SSH. Mimi nilipaswa kuipa jina la kompyuta ya mbali, jina la mtumiaji, na neno la siri. Neno la siri dada aliliandika kwenye faili dogo, mimi nikiwa nimeelekea kwenye kanisa langu la ukutani, na skripti ikaambiwa ikalisome humo.

Jumanne tuliijaribu. Namtumbo ikakataa. Tunduru ikakataa. Zote mbili zilileta sentensi ileile ya Kiingereza, ambayo dada alinitafsiria: utambulisho umeshindikana.

"Neno ni lilelile," dada alisema. Akaingia Namtumbo kwa mkono wake, ikampokea. Akaingia Tunduru kwa mkono wake, ikampokea. "Umeona? Mimi zinanijua. Wewe unazifanyia nini?"

Kitu kilekile, neno lilelile, mlango uleule. Akienda mtu unafunguka, ikienda skripti yangu unafungwa. Nilipitia maagizo yote herufi kwa herufi. Hayakuwa na kosa. Nikaanza kufikiri kwamba kosa ni mimi, kwamba kompyuta imejua aliyeandika ni wa darasa la saba.

Kilichonisaidia ni masikio. Nilipokuwa nimetazama ukuta, sikuona dada ameandika nini, lakini nilisikia. Herufi zililia tik tik tik kama mvua ya kuanza, halafu kitufe kikubwa cha kumalizia kikalia do! Dada alikipiga kwa nguvu kila mara, kama anayegonga muhuri. Alipoandika lile faili la siri pia alimaliza kwa do! Nami nikawaza: akiingia kwa mkono, do! ni ishara tu kwamba amemaliza. Lakini ndani ya faili kila kitu kinahifadhiwa. Je, kama skripti inalipeleka neno la siri pamoja na do! lake?

Nilimwambia dada kwa kunong'ona. Akanitazama, akasema, "Jaribu."

Niliongeza agizo moja la kukata kila kisichoonekana mwishoni mwa neno. Namtumbo ikafunguka. Hesabu za mahindi zikashuka kwenye skrini, safu kwa safu, bila mkono wa mtu. Dada alipiga kigelegele kifupi, kisha akajishika tumbo.

Tunduru ikakataa.

Dada aliketi. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja na joto lilikuwa la kungoja mvua. Jasho lilimtiririka shingoni. "Hii nayo inataka nini?" alisema. "Namtumbo ni mahindi, hii ni korosho, basi inajiona bora?"

Jenereta ya Tunduru ikazimwa, na ndiyo ikawa mwisho wa siku, maana bila jenereta hakuna mlango wa kubisha.

Jumatano Tunduru haikuwaka kabisa. Waliishiwa dizeli. Siku nzima nilitoa fotokopi za vyeti vya ubatizo na kufikiria Jumatatu, kiti, na dada amebeba mtoto mgongoni akizunguka mji kuulizia kazi.

Alhamisi ilipowaka, skripti ilikataliwa tena, na tena. Mpwa alinyanyuka kwenye benchi, akaja na karanga zake, akasimama nyuma yetu.

"Mmeiambia iseme kila inachofanya?" aliuliza.

Dada hakugeuka. "Iseme vipi?"

"Maktaba nyingi zina namna ya kuzifanya ziropoke. Kila hatua inaandika. Ngoja." Akaninamia begani, nami nikasogea kiti mpaka karibu nianguke. "Dogo, sing'ati. Andika hivi."

Niliandika. Tulipojaribu tena, skrini ilijaa Kiingereza. Mpwa alikisoma kwa kidole, midomo ikicheza.

"Hii hapa. Skripti imesema, nimekuja na neno la siri, shika. Tunduru imejibu, mimi sipokei neno la kushikishwa. Mimi napokea kwa kuulizana tu, kwenye kibodi." Akageuka kwa dada. "Namtumbo inakubali ukija na neno mkononi ukalitoa mlangoni. Tunduru inataka ikuulize kwanza, wewe ujibu. Ukiingia kwa mkono huoni tofauti, kwa sababu programu ya mkono inajua njia zote mbili. Hii yenu mmeifundisha moja."

Dada alimgeukia. "Kwa nini unatusaidia?"

"Kwani nimekatazwa?"

"Jumatatu ni ya kwako tukishindwa."

Akatia karanga mdomoni. "Dada, mimi nitafute kazi kwa kumtoa mtu aliye na mimba? Mama yangu akisikia atanitandika na cheti changu hichohicho."

Dada alicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta ndani ya maktaba ile kazi ya kuulizana, nikaipata, nikaiandika: kompyuta ya Tunduru ikiuliza, jibu neno la siri. Tukajaribu.

Ikakataa.

Nikajaribu tena. Ikakataa. Nikajaribu tena bila kubadilisha chochote, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa akitumaini safari hii utachoka. Sasa jibu likawa jingine, fupi. Mpwa alilisoma, akaacha kutafuna.

"Imefunga. Ukikosea mara nyingi inakufungia. Haipokei tena mtu wa Songea."

Dada alivuta kibodi kwake, nami nikageuza uso. Nilisikia tik tik, do!, kisha tik tik tena, do!, kisha kimya. Hata yeye, kwa mkono wake, imemkataa. Nje, dereva wa lori alikuwa amewasha injini anasubiri hesabu. Mama akaingia kuuliza hesabu iko wapi, akatukuta watatu tumeinamisha vichwa.

"Nani amefunga ghala langu?" aliuliza.

Kabla sijajikaza kujibu, dada alisema "Aa," si kwa nguvu, kama mtu aliyekumbuka kitu, akashika meza. Maji yalikuwa yanamwagika chini ya kiti.

Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Alikimbia. Alimshika dada mkono mmoja, dereva akamshika mwingine, wakampandisha kwenye lori, maana ndilo gari lililokuwa linanguruma. Akiwa amekanyaga kidato cha lori, mama alinigeukia mimi. "We binti! Piga simu Tunduru, mzee afungue hiyo mashine!" Wakaondoka kwenda hospitali.

Nilibaki na simu. Mzee wa Tunduru ndiye aliyekuwa mtunza ghala, nami sikuwahi kuzungumza naye. Sikuwahi kuzungumza kwenye simu ile na mtu yeyote.

"Nikupigie?" mpwa aliuliza.

Nilitingisha kichwa kukataa. Sijui kwa nini. Labda niliona kwamba akianza kupiga simu, mchana atakuwa amekaa kwenye kiti, na kesho kiti kitakuwa kimemzoea. Nilizungusha namba. Iliita, iliita, ikapokelewa.

"Haloo," sauti nzito ilisema.

"Mashine imefungwa," nilisema.

"Nani?"

"Ofisini Songea. Mashine imefungwa, inatakiwa—"

"Ofisi haina mdomo. Wewe ni nani?"

"Ni yule wa fotokopi. Shikamoo, mzee."

"Ehee! Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mmeamkaje huko?"

"Salama."

"Mvua imeshafika?"

"Bado."

"Huku mawingu tu. Inshallah itakuja. Na binti yangu wa kompyuta hajambo? Tumbo halimsumbui?"

"Amepelekwa hospitali sasa hivi."

Akasema polepole, "Mwenyezi Mungu amfungulie kwa salama." Nami nikaitikia amina, na nikashangaa kwamba sauti yangu imesikika. "Haya, sasa sema shida yako."

Nilieleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Kuna mtu asubuhi yote anabisha hapa, akiulizwa hali anaropoka. Nikasema huyu si yule binti yangu. Ikafunga yenyewe, nikasema afadhali."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nilimwomba radhi kwa kelele.

"Nitafungua. Lakini jenereta inazimwa sasa. Kesho asubuhi mtaikuta wazi. Ila sikiliza, mjukuu wangu. Kesho Ijumaa, nikishawasha naenda kuoga na kujiandaa na msikiti, na kuna maziko nyumba ya pili. Ikifunga tena sipo wa kuifungua. Bisheni kwa adabu."

Alasiri ofisi ilikuwa kimya. Kutoka hospitali tulipata habari moja tu, kwamba bado. Simu ya mkononi ya dada ilikuwa imezimwa. Mimi nilifagia mahali palepale mara nyingi. Mpwa alichoka na benchi, akaniuliza kama anaweza kuandika barua kwa mama yake, akakaa kwenye kiti cha dada. Nilitaka kumwambia asikae. Niligeuka nikatazama kalenda, kwa mazoea tu, maana hakuwa anaandika siri yoyote.

Tik tik tik. Do! Naye alikuwa mgongaji.

Ndipo nikasimama na ufagio mkononi. Namtumbo, dada alipoingia kwa mkono, nilikuwa nikisikia do! moja. Tunduru nilikuwa nikisikia mbili. Kila asubuhi, miezi yote. Kwa Tunduru kulikuwa na tik tik fupi, do!, halafu tik tik ndefu ya neno la siri, do! Nilikuwa nadhani anakosea na kurudia. Lakini nani anakosea kila siku, ghala moja tu, mara moja tu?

Nilimwambia mpwa. Ilinichukua muda, maneno yalikuja moja moja, naye hakuyaharakisha.

"Maswali mawili," akasema. "Tunduru inauliza maswali mawili."

"La kwanza ni lipi?"

"Hilo anajua dada yako."

Na dada alikuwa leba.

Niliandika agizo jipya: Tunduru ikiuliza kitu, usijibu kwanza, kiandike kwenye skrini tukione. Kujua swali kungetugharimu kubisha mara moja bila kuingia. Mashine ilivumilia makosa machache tu, nasi hatukujua kama kesho yake ingekuwa imeyasahau ya siku hiyo. Usiku ule nyumbani, Matogoro, bibi aliniwekea ugali mbele yangu, nikautazama mpaka ukapoa.

Ijumaa mama alikuwepo kabla yangu. Alikuwa amevaa nguo zilezile za jana, macho mekundu. Dereva alikuwa mlangoni. Mpwa alikuwa kwenye benchi, safari hii bila karanga.

"Hajajifungua," mama alisema kabla ya mtu kuuliza. "Usiku mzima ananiuliza Tunduru imekubali. Mtu yuko kwenye uchungu anauliza Tunduru! Nimemwambia nyamaza, sukuma." Akavuta stuli, akakaa. "Haya. Nionyesheni."

Namtumbo ilipita. Mama aliangalia hesabu zikishuka, akaitikia kwa kichwa tu. Mahindi hayakuwa shida yake asubuhi hiyo.

Nilibisha Tunduru. Modemu ililia kilio chake. Kisha, kwenye skrini, chini ya mstari wangu, yakatokea maneno ya Kiswahili:

Asalaam aleikum. Mmeamkaje huko?

Nilitoa mikono kwenye kibodi kama niliyeungua. Nilidhani ni mzee mwenyewe, ameketi upande wa pili, ananiona.

"Amekaa hapo?" mpwa alisema, amesimama. "Mzee anaandika?"

"Kwani wewe unamwacha mtu mzima bila kumjibu?" mama alinifokea. "Mjibu!"

Lakini skripti yangu ilikuwa imeambiwa isijibu. Skrini ilikaa hivyo kidogo, salamu ikiwa juu yetu, halafu Tunduru ikafunga mlango. Utambulisho umeshindikana.

"Amekasirika," mama alisema.

Mpwa alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega. "Shangazi, si mzee. Ni mashine. Imefundishwa kusalimia. Inakujulia hali kwanza, ndipo inauliza neno la siri!"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilitamani ardhi inimeze. Jana skripti yangu ilikwenda na jibu moja tu mfukoni. Ilipojuliwa hali, ikalitoa neno la siri. Ilipoulizwa neno la siri, ikawa haina kitu cha kusema. Akiulizwa hali anaropoka, mzee alisema, na alikuwa amesema ukweli mtupu. Majibu yote ya salamu yalikuwa yanamtokea yeye kwenye skrini ya ghala. Alikuwa amelisoma neno letu la siri asubuhi nzima.

"Sasa?" mama aliuliza. Nje, dereva alipiga honi bila sababu.

Niliandika upya. Nilikuwa naandika polepole na wote waliniangalia, jambo ambalo siku nyingine lingenifanya nishindwe hata kupata herufi. Swali la kwanza, jibu hivi. Swali la pili, soma faili la siri, kata mwisho, jibu. Hapo kwenye jibu la kwanza nilisita. Sikujua kama kuna jibu moja tu linalokubalika. Dada alikuwa akijibu nini? Tik tik ilikuwa fupi. Salama? Njema? Nikikosea, ikifunga, mzee yuko mazikoni.

Nikaandika kile ambacho ningemwambia mtu mzima yeyote wa Tunduru akiniuliza tumeamkaje: Salama, shikamoo mzee.

"Ngoja," mama alisema. Alinishika viganja vyote viwili, akavinyanyua juu, mbali na kibodi, akavikamata hapo. Viganja vyake vilikuwa vya moto. "Nimesema yenyewe. Nani atagusa kitufe cha kuanzia?"

"Nitagusa mimi," mpwa alisema. "Kimoja tu." Akagonga. Do!

Modemu ililia. Salamu ikatokea. Chini yake, bila mkono wa mtu, likaandikwa jibu langu. Kisha ukatokea mstari wa pili, Neno la siri, ukiwa na nafasi tupu mbele yake, na nafasi ile ikabaki tupu kwa sababu siri haionyeshwi. Nilisikia mama anapumua kwa mdomo. Hakuna kilichotokea. Halafu magunia ya Tunduru yakaanza kushuka kwenye skrini, korosho daraja la kwanza, daraja la pili, safu kwa safu.

Mama hakuniachia mikono mpaka safu ya mwisho. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akamwambia dereva, "Lori moja. La pili libaki." Aliporudi alichukua mtandio wa dada uliokuwa umeachwa mezani tangu jana, akautandika kwenye kiti chake.

"Asikae mtu hapa," alisema. Akamtazama mpwa. "Wewe utaenda Namtumbo. Yule karani wa kule anasinzia."

"Namtumbo, shangazi? Mimi mtu wa Dar?"

"Umenisikia."

Mchana ule dada alijifungua mtoto wa kike. Mama ndiye aliyempelekea habari za Tunduru, na nasikia dada alisema "Salama, basi," akalala.

Neno la siri lilibadilishwa wiki ileile. Mzee alituambia kwa simu kwamba la zamani alikuwa ameshalizoea. Alinieleza pia, baada ya salamu zote, kwamba fundi alipoileta mashine kule, yeye mzee aliiona haina adabu. Mtu anafika asubuhi, inamdai siri kabla ya kumjulia hali. Akamwambia airekebishe au aondoke nayo. Fundi akacheka mpaka akalia, lakini akaifundisha.

Dada alirudi mvua zilipokuwa zinakatika. Mtoto alikuwa mgongoni. Aliutoa mtandio kwenye kiti, akaukung'uta vumbi, akaketi, akafungua skripti kuona nimeiachaje. Alisoma kimya mpaka akafika kwenye jibu la kwanza.

"Umeandika shikamoo mzee?"

Nilikuwa napanga karatasi. "Ndiyo."

"Mimi nilikuwa naandika njema tu. Ukiandika chochote inakubali, mlongo. Ni mashine."

"Nilikuomba uniambie hatua zote za kuingia," nilisema. Ilikuwa sentensi ndefu kwangu. "Ukaniambia jina, halafu neno la siri. Hukuniambia inasalimia."

Alinigeukia, na mtoto mgongoni akageuka pamoja naye.

"Uliniuliza hatua," alisema. "Kwani salamu nayo ni hatua?"

Nilitazama kalenda. Yeye akaweka vidole kwenye kibodi, na mtoto alistuka kidogo kitufe kikubwa kilipolia.